Moyo wa Kujifunzia

Nasike alipitisha kifaa cha kupimia moyo juu ya kifua cha Mama Bilha kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne utando haukuwepo.

Ulipaswa kuwa pale, ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo: mstari mwembamba unaopepea kila moyo unapodunda. Mahali pake kwenye skrini palikuwa na weusi mtupu. Jasho likamtoka. Siku yake ya kwanza peke yake, kliniki ya Kanduyi, nje kidogo ya Bungoma, na tayari amekutana na kasoro ya kuzaliwa nayo, asiyoijua hata jina!

"Mbona umenyamaza, msichana wangu?" Mama Bilha aliuliza. "Si uniambie tu. Nitakufa?"

"Tulia, mama. Bado naangalia."

Akajikumbusha zile wiki tatu za mafunzo Kitale. Kila asubuhi Mwalimu Gachanja alipanda hadi ghorofa ya pili, akatulia kidogo mlangoni, kisha akavua shati na kujilaza kitandani yeye mwenyewe, uso ukutani, maana hakuna mgonjwa aliyekubali kuchezewa na mwanafunzi. Alifundisha bila kugeuka kuitazama skrini.

"Umeona vyumba vinne?"

"Nimeona."

"Milango inafunguka na kufungika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi huo ndio moyo mzima. Ushike huo kichwani. Mbovu utajitambulisha wenyewe."

Na sasa ulikuwa umejitambulisha. Nasike alimwomba mama asubiri nje, akamwita Khisa, askari wa langoni, mwanamume wa kubeba magunia mawili ya mahindi kwa mpigo mmoja. Alitaka kuhakikisha tu kwamba mashine si mbovu. Akampima. Utando haukuwepo.

"Ni nini, sista?" Khisa aliuliza. "Mbona unaniangalia ni kama nimekufa?"

Alipotoka, Nasike alifunga mlango, akajipaka jeli, akajipima mwenyewe. Hakuna. Watu watatu, kliniki moja, asubuhi moja! Akapiga simu Kitale.

"Eh, Nasike, sasa?" Mwalimu alikuwa akihema. "Niko kwa ngazi. Hizi ngazi zitaniua, bana. Sema."

Alimweleza yote kwa pupa. Upande wa pili kikatoka kicheko kilichokatwakatwa na pumzi.

"Utando? Hapo hakunanga utando, msichana. Mwenye nao ndiye mgonjwa, na hao ni wa kutafuta kwa tochi. Watu wako wako sawa. Kwani nani alikuonyesha moyo wa hivyo, ati ndio mzima?"

Nasike alimwona tena pale kitandani Kitale, kifua wazi, uso ukutani. Alimsikia akipanda ngazi moja, akatweta, akapanda nyingine.

"Mwalimu," alisema, "tafadhali, keti hapo hapo ulipo."