Asumini ya Mama Raya

Katika mji ule, aliyepanda mmea hakuruhusiwa kuhama mpaka mmea huo ufe, pamoja na miche yote iliyotokana nao. Kuung'oa lilikuwa kosa. Ukijifia wenyewe, hakuna wa kukulaumu.

Ndiyo maana tangu binti yake Raya ajifungue kule Mtwara, Mama Raya aliinyima maji asumini yake, roho ikimuuma kama anayemnyima mtoto. Siku wapenda maua wa mtaa walipokutana uwanjani kubadilishana miche, yeye alifika na chungu chenye kijiti kikavu.

"Imekufa," alisema, akijikaza asitabasamu. "Jumamosi nahama, naenda kumlea mjukuu."

Jirani yake Salome akamshika mkono. "Usihuzunike, Mama Raya. Mwaka jana nilikukatia tawi bila kukuomba, maana la wizi ndilo hushika. Likazaa, nikawagawia wenzangu."

Wanawake wakainua vyungu vyao, kila kimoja kimejaa maua meupe. Harufu ikamzingira.

"Hakuna hata mmoja utakaokufa mikononi mwetu," Salome alisema kwa upole, akamkabidhi kopo la maji.

Mama Raya akalipokea. Wote walikuwa wakimtazama, wakingoja amwagilie.