Mibaazi ya Upande wa Taa

"Naikata yote leo! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Shomvi alimfokea mkewe, panga mkononi.

"Nani kasingizia jua, Baba Rukia? Mimi nasingizia taa yako! Njoo uone."

Mwanaidi alimvuta hadi nyuma ya tangi la maji. Huko, ambako mwanga wa taa ya ukutani haukufika, mibaazi ya mbegu ileile ilijaa maua ya manjano, nyuki wakiyagombania. Upande wa taa ilikuwa imerefuka kupita ukuta, majani matupu.

"Mibaazi husubiri usiku mrefu ndipo ichanue," alisema huku akicheka kwa furaha. "Wewe umeilazimisha kukesha kama mlinzi!"

"Na wezi je?"

"Waibe nini, majani? Wateja wangu wanataka mbaazi za nazi."

Shomvi alishusha panga. Mwanaidi aligeuza kinu chini ya taa, akapanda juu yake, akaifungua balbu na kuitia mfukoni.

Jua lilikuwa linazama. Kivuli cha ukuta kilianza kupanda taratibu juu ya majani, na safari hii hakuna kilichokizuia.