Peremende ya Ndege

Magurudumu yaligusa ardhi kabla peremende haijaisha mdomoni mwa kinyozi. Mhudumu alimpa peremende hiyo wakati ndege ikipaa, aimumunye masikio yasizibe.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, kaka," mhudumu alijibu. "Kutoka kwenu hadi hapa ni pua na mdomo."

Miaka yote mama yake alipompigia simu, alimjibu, "Huko ni mbali, mama. Labda mwezi ujao." Leo alikuja kumzika.

Nje ya uwanja, mama yake mdogo alimkumbatia.

"Pole na safari, mwanangu. Marehemu alitukataza kukulaumu. Kila siku alituambia, 'Mwacheni mwanangu, kwake ni mbali.'"

Kinyozi alifungua mdomo kujibu. Peremende ikagonga meno. Ilikuwa bado tamu.