Nguchiro na Fira Asiyeona

Fira alijilaza kwenye mlango wa shimo la watoto wa Nguchiro. Alikuwa Fira, si Swila atemaye mate, na kwa kuwa alikaribia kujivua gamba, macho yake yalifunikwa na ukungu. Nguchiro alifurahi. Siku zote yeye hushinda kwa hila: hutishia kushoto, hujifanya kuanguka, na adui apigapo hewa, humuuma kisogoni.

Akatishia kushoto kwa bega. Fira hakutikisika. Akatishia kulia kwa kichwa, kisha kushoto tena, upesi.

"Mbona hupigi, mzee? Umeogopa?"

"Sioni unachonionyesha, bwana. Nangoja mguu wako. Ukija kweli, ardhi itaniambia."

Nguchiro hakujua njia nyingine ya kupigana. Akatishia tena, bure, kisha akakanyaga kwa nguvu ili aruke. Fira akamgonga kwa meno kifuani kabla hajaondoka chini.

Nguchiro akaanguka, asiinuke. Watoto wakachungulia, wakacheka.

"Baba anamdanganya huyo," akasema mkubwa wao. "Ngojeni muone."

Wakarukaruka kwa furaha, na Fira akageuza kichwa polepole kufuata vishindo vya miguu yao.