Mchumba Asiyekula Nyama

Kengele ya mlangoni ililia Argia akiwa amepiga magoti chumbani, anasukumia soseji za mwisho uvunguni mwa kitanda.

Mchana ule mwanawe, Ivano, alikuwa amempigia simu kutoka kazini Modena. Jioni angemleta mchumba.

"Hali nyama, mama. Hata kuiona hawezi. Tafadhali, safari hii usiniaibishe."

Ivano alikuwa na miaka arobaini na moja. Wachumba wawili walishaikimbia nyumba ile, wa pili akiwa na chakula mdomoni. Basi Argia, ambaye tangu aolewe hakuwahi kupika Jumanne bila nyama, alichemsha spinachi, akaikamua, akaichanganya na jibini laini na kungumanga, akaishindilia ndani ya mirija ya tambi mmoja mmoja. Akaimwagia mchuzi mweupe wa maziwa, akaitia kwenye oveni. Mumewe, Oreste, hakuwa na msaada. Alikuwa kwa jirani akiazima sufuria kubwa.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mabega mapana, amevaa buti, mkononi ana mfuko mzito wa ngozi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni—"

"Marahaba! Nakujua, mwanangu, kumbe umemtangulia! Ingia, nje baridi."

"Nilitaka kumwona kidogo tu."

"Utamwona, haraka ya nini? Kula kwanza."

Mgeni alipekua sahani kwa uma kama anayetafuta kitu, akakikosa, akala. Argia akamwongeza. Akala tena. Argia akashusha pumzi.

"Ana kilo ngapi?" mgeni akauliza.

Wasichana wa siku hizi, Argia aliwaza, hawana hata haya. "Mia na kumi. Lakini si mafuta matupu. Kajazia vizuri."

"Mbona mzee aliniambia karibu mia mbili?"

Kumbe Oreste alishakutana naye, na badala ya kumsifia mtoto akaenda kumharibia! Argia alimlaani kimoyomoyo. "Huyo mzee haoni vizuri, usimsikilize."

"Leo amekula?"

"Hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Anakungoja wewe."

"Vizuri sana. Akishiba ananipa taabu. Mkorofi?"

"Yeye? Hata! Ukimkuna mgongo tu, analala palepale."

"Basi hatanisumbua," mgeni akasema, akacheka kwa sauti nene.

Machozi yalimlengalenga Argia. Hatimaye amepatikana anayemwelewa Ivano! Alivua pete ya marehemu mama mkwe wake, akaisukuma kwenye kidole cha mgeni. Kidole kilikuwa kinene; pete ilikwama njiani.

"Ya nini tena hii, mama? Mzee na mimi tulishapatana."

"Pokea, mwanangu. Mimi nimeridhika. Mchukue hata leo."

"Leo hapana. Kesho alfajiri."

Taa za gari zilimulika dirishani. "Mama!" Ivano aliita kutoka uani, kwa furaha. "Tumefika!"

Mgeni alifuta sahani kwa kipande cha mkate, akakimeza, akasimama, akakunja mikono ya shati.

"Asante kwa chakula, mama, japo mimi na majani hatuelewani. Sasa nipeleke bandani nikamwone huyo nguruwe. Visu nitaviacha hapa mezani."