Sufuria la Mtaa

Mashavu alimpa mgeni chai ya rangi isiyo na sukari. Mwaka mzima yeye na mumewe, Sefu, walikuwa wakijizoeza kuishi kama wastaafu, ili Sefu aache kazi ya kiwandani kabla mgongo haujakataa kabisa.

Nyamizi, mweka hazina wa mtaa, aliinywa bila kukunja uso.

"Shemeji, harusi ya binti wa jirani ni Jumamosi. Tunasubiri mchango wako tu."

"Michango nimeiondoa kwenye hesabu zangu," Sefu alisema. "Harusi, misiba, yote. Nikiendelea kuchanga, nitastaafia kaburini."

"Nimekuelewa, shemeji. Basi nisaidie kulitoa sufuria la mtaa, sasa litatunzwa kwangu."

Lilikuwa sufuria kubwa la pilau, lililonunuliwa kwa michango ya mtaa mzima. Sefu alikuwa akilitunza tangu lilipotumika kwenye msiba wa mama yake. Wakalibeba wawili hadi kwenye mkokoteni. Nyamizi akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Sakafuni, pale lilipokuwa limekaa, palibaki duara jeupe. Mashavu alichukua ufagio, akafagia chumba chote, akalizunguka lile duara bila kuligusa.