Karatasi za Kimbunga

Siku hizi umeme ukikatika, kumbukumbu nazo huzimika, kwa kuwa watu hawaweki tena mambo kichwani. Huyatunza kwenye kisanduku cha ukutani. Basi kimbunga kilipotangazwa Mtwara, Somoe alijaza ndoo maji, akanunua mishumaa, kisha akaanza kubandika karatasi. Mlangoni: “Hapa ni kwenu.” Kifuani pa mumewe: “Huyu ni mumeo, usimwogope.” Vifuani pa Mwanaidi na Bakari: “Hawa umewazaa wewe.”

Akitafuta kiberiti kabatini, akakuta karatasi ya kimbunga cha mwaka jana, kwa mwandiko wake mwenyewe: “Tuko watano.”

Akahesabu. Wanne. Akarudia, safari hii akianza na yeye mwenyewe. Wanne.

“Hivi mwaka jana tulikuwa na mgeni humu ndani?”

“Mgeni gani?” mumewe akashangaa. “Si tuko hivi hivi siku zote?”

Upepo ukaanza kugongagonga mabati. Jirani akapaza sauti dirishani: “Mama Shazili! Umeshabandika?”

“Nimeshabandika!” akaitikia, kama anavyoliitikia jina hilo kila siku.

Kisha akamgeukia mumewe. “Baba Shazili,” akaita, na hapo akalisikia jina alilolitaja. Wakatazamana.